Simbi Zilizofika Karagwe na Jamaa Zao Waliobaki Baharini



Jioni ya leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya konokono wa baharini, na hasa wale wadogo mno waishio mbali na pwani, kwenye ukingo wa uwanda wa chini ya bahari, mahali ambapo hata mvuvi hodari aghalabu hana haja ya kufika. Najua ya kwamba atakayenisikia akiwa amekaa mbele ya duka lake hapa njiapanda ya Omurushaka, Karagwe, magunia ya maharage upande huu na ya kahawa upande ule, atauliza: yatuhusu nini sisi watu wa milimani mambo ya viumbe ambao hata watu wa pwani wenyewe hawawajui? Swali hilo ni la haki, na mtu mwenye kusema redioni hana ruhusa ya kulikwepa.

Kwanza nakiri ya kwamba hata maji yetu hayana udugu na Bahari ya Hindi. Mvua inyeshayo Omurushaka haiendi Unguja wala Bagamoyo. Hushuka mabondeni, huingia Mto Kagera uzungukao nchi hii upande wa magharibi na wa kaskazini, hufika Ziwa Viktoria, hufuata njia ya Nile, na mwisho wake humwagika pwani ya Misri katika Bahari ya Mediterania. Basi kwa upande wa maji, sisi ni jirani wa Misri kuliko wa Dar es Salaam. Walakini kwa upande wa biashara mambo ni kinyume cha hayo, kwani zamani kabla ya barabara, kabla ya gari moshi na kabla ya shilingi, kiumbe kimoja kidogo kutoka Bahari ya Hindi kilipanda kwa mabega ya wapagazi mpaka katika milima hii, kikawa fedha ya kununulia mbuzi, jembe na chumvi. Kiumbe hicho ni simbi, na simbi si kitu kingine ila gamba la konokono.

John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, hawakuikuta nchi iliyofungwa. Kulikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu pale Kafuro, na miaka kumi na minne au kumi na mitano baadaye, katika mwaka 1876, Henry Morton Stanley naye akamkuta hapo hapo Mwarabu aitwaye Hamed Ibrahim, amejenga, ametulia, anafanya biashara. Njia ilianza Bagamoyo, ikapita Unyanyembe mahali iliposimama Tabora ya leo, ikakata kaskazini mpaka Karagwe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Buganda. Pembe za ndovu zilishuka. Nguo, ushanga, nyaya za shaba na simbi zikapanda. Katika Buganda na nchi za jirani simbi zilitungwa katika nyuzi na kuhesabiwa kwa mamia, kwa kuwa moja moja zilikuwa na thamani ndogo, lakini uzi mzima ulikuwa na uzito katika mkono wa mwenye kulipa.

Simbi iliyokuwa ikitoka katika pwani yetu kwa wingi ni ile yenye ukubwa usiopita sana ncha ya kidole gumba, nyeupe yenye kijivujivu, na juu ya mgongo wake umechorwa mstari mwembamba wa manjano uliozunguka kama pete. Chini yake kuna mwanya mrefu wenye meno madogo kila upande. Angali hai, konokono mwenyewe hutoa nyama yake laini nje ya mwanya ule na kulifunika gamba lake pande zote mbili, na hiyo ndiyo sababu gamba la simbi hung'ara pasipo kusuguliwa na mtu. Huishi katika maji haba ya mwamba, chini ya mawe na matumbawe, akila mimea midogo ya baharini. Na maji yanapokauka sana wakati wa bamvua, wanawake na watoto hutoka na vikapu kuokota. Zamani simbi zilirundikwa juani mpaka nyama ikaoza na kutoka, na uvundo wake, kwa waliousimulia, haukuwa wa kustahimilika. Kisha, ili zipate kutungwa, aghalabu zilitobolewa mgongoni, na tundu lile lilipopita, ile pete ya manjano ikatoweka. Kwa hiyo yawezekana kabisa ya kuwa mzee wa Karagwe aliyehesabu maelfu ya simbi katika maisha yake alizijua kwa tumbo na meno yake tu, wala hakupata kuliona pambo ambalo Mwenyezi Mungu alilitia juu ya mgongo wa fedha yake.

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Mnamo mwaka 1845 mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Hertz aling'amua ya kwamba simbi hizi za Unguja, ambazo hapa kwetu zilikuwa rahisi, zaweza kupelekwa kwa merikebu mpaka Afrika Magharibi, ambako watu walikuwa wamezoea kutumia simbi za aina nyingine, ndogo zaidi, zilizotoka katika visiwa vya Maldivi. Nyumba ya O'Swald, nayo ya Hamburg, ikamfuata katika biashara hiyo. Simbi zikamwagwa katika bandari za huko, watu wakazipokea, na mafuta ya mawese yakanunuliwa nazo. Lakini kadiri zilivyoongezeka ndivyo zilivyoporomoka thamani, hata mtu aliyekuwa tajiri kwa hesabu ya simbi akajikuta amemiliki chungu za magamba. Huku kwetu nako mwisho ulifika kwa njia nyingine: Serikali ya Kiingereza katika Uganda ilikataa kupokea simbi kuwa kodi mwanzoni mwa karne ya 20, na upande huu ikaingia rupia ya Wadachi, yaani Wajerumani, halafu shilingi. Konokono yule hakubadilika hata chembe. Aliendelea kuzaa, kula na kufa chini ya mawe yale yale. Kilichobadilika ni haja ya wanadamu, na umbali, maana thamani ya simbi katika Karagwe ilikuwa ni thamani ya safari yake.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa ndilo msingi wa nitakayoyasema. Simbi iliyajua masoko kwa sababu ilikaa mahali ambapo mkono wa mwanamke mwenye kikapu uliweza kuifikia. Lakini uwanda wa bahari hauishii pale kikapu kinapoishia. Unaendelea chini ya maji, ukiteremka polepole, na juu yake wanaishi jamaa wa simbi wengi kuliko simbi zote zilizopata kuhesabiwa Kafuro. Nao hawakununuliwa na mtu, na kwa sababu hiyo hawakutafutwa na mtu.

Mtu aliyeko milimani huenda akaidhani bahari kuwa ni shimo moja linaloanza pwani na kuzama moja kwa moja. Sivyo. Nchi kavu haikatiki pale mawimbi yanapoipiga. Huendelea chini ya maji kama uwanda wenye mteremko mdogo, mpaka kufika kina cha pima mia moja hivi, yaani karibu na mita 200, na hapo ndipo ardhi huanguka ghafla kuelekea vilindi vya kweli. Katika nchi nyingine uwanda huu huenda mamia ya kilomita. Katika pwani yetu ni mwembamba, mahali pengi kilomita chache tu, isipokuwa kwenye mikondo ya Unguja na Mafia ambako hupanuka. Kisiwa cha Unguja kimesimama juu ya uwanda wenyewe, na mkondo uliopo kati yake na bara ni wa maji haba. Pemba haiko hivyo, kwani baina yake na bara kuna kilindi kinachopita mita 800.

Tofauti hiyo ya visiwa viwili ndugu ina hadithi ndani yake. Yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati barafu ilipofunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, maji mengi yalifungwa katika barafu ile, na bahari ikashuka mita 120 hivi chini ya kiasi cha leo. Wakati ule mtu angaliweza kutoka Bagamoyo kwenda Unguja kwa miguu, ilhali Pemba ilibaki kisiwa kama ilivyokuwa. Na hiyo ni mojawapo ya sababu za Pemba kuwa na popo wake mkubwa na ndege wake kadhaa wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Na ule ukingo wa uwanda, ambao leo umo gizani chini ya uzito wa maji, ulikuwa karibu na ufuo, na maji yaliyoufunika yalikuwa machache kuliko ya leo. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, na konokono wa maji haba wakapanda pamoja nayo kizazi baada ya kizazi, wakiyaacha magamba ya wazee wao nyuma, na wale wapendao kina na baridi wakaja kushika makao yaliyoachwa wazi.

Basi watu walianzaje kujua kilichoko huko chini? Mabaharia wa zamani walitumia bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba, kupimia kina cha maji. Kapteni Owen wa Uingereza, aliyepima na kuchora pwani hii ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1820, aliishi kwa bildi. Na ilikuwa desturi ya mabaharia kulitia shahamu tundu lililoko chini ya bildi, ili risasi ikigusa chini, mchanga au tope ling'ang'anie katika shahamu ile, na nahodha ajue kama yuko juu ya mwamba, mchanga au matope. Alipolitazama lile tope nahodha alitafuta usalama wa nanga yake, hakutafuta elimu. Lakini mara kwa mara ndani ya tope lile kulikuwamo magamba madogo mazima, yametengenezwa kwa ufundi wa kupita kiasi, ambayo yaliondolewa kwa kitambaa na kutupwa tena majini.

Baadaye wakaja waliotafuta elimu yenyewe. Merikebu ya Kidachi iliyoitwa Valdivia, chini ya Profesa Carl Chun, iliondoka Hamburg mwaka 1898, ikazunguka bahari kuu, na mwanzoni mwa mwaka 1899 ikafika Dar es Salaam na kukokota nyavu zake za chini katika maji yetu, wakati Karagwe na Dar es Salaam zote zilipokuwa chini ya dola moja ya Kidachi. Konokono waliopatikana katika safari ile walielezwa katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1904. Katika miaka ya 1933 na 1934 merikebu ya Kimisri iitwayo Mabahiss, ikiongozwa na Seymour Sewell, ilifanya kazi kama hiyo katika Bahari ya Hindi, nayo pia ikapita upande wa Unguja. Na mwaka 1961, mwaka uleule wa uhuru wa Tanganyika, jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha orodha ya J. F. Spry ya konokono wa bahari ya Dar es Salaam, kazi nzuri iliyowasaidia wengi, lakini iliyohusu hasa wale ambao mtu aweza kuwaokota ufuoni na katika maji haba.

Wavuvi nao walituonyesha jambo ambalo wanazuoni hawakulitazamia. Walipoanza kutega majarife katika maji ya kina, nje ya mwamba, walimvua samaki mkubwa mwenye mapezi kama viungo vya miguu, ambaye jamii yake ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ilikwisha kufa tangu zama za kale mno. Samaki huyo, silikanti, alipatikana Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2003 upande wa Kilwa, na tangu mwaka 2004 wakavuliwa wengi Tanga, hata serikali ikaanzisha hifadhi ya bahari kwa ajili yake huko Tanga mwaka 2009. Madhali samaki mwenye urefu wa kimo cha mtoto mkubwa aliweza kujificha ukingoni mwetu mpaka karne hii, sembuse konokono ambaye hawezi kushikwa na wavu wowote?

Natamani sasa tuwatazame konokono hao kwa karibu. Chukueni punje ya ulezi. Huo ndio ukubwa wa baadhi yao, na wengine hawaufikii. Ukiuweka mchanga wa chini ya bahari katika sahani, ukaukausha, kisha ukauinamia kwa kioo cha kukuzia, utaona ya kuwa zile punje ulizozidhani mchanga, baadhi yake zina milango. Ipo jamaa moja, iliyoenea sana katika bahari za joto, ambayo gamba lake ni refu na jembamba, na kila mzunguko wake umepambwa kwa safu za nundu ndogo za duara zilizopangwa sawasawa. Ukilisimamisha gamba hilo, ncha juu na mlango ukikuelekea, utauona mlango upo upande wa mkono wako wa kushoto, ilhali karibu konokono wengine wote, wa baharini na wa shambani, hujizungusha kwa kulia. Ni jamaa nzima iliyoshika njia yake ya kushoto tangu dahari. Chakula chao ni sifongo. Hutoa mrija mrefu wa mdomo, wakaupenyeza katika matundu ya sifongo, na kula nyama ya ndani.

Tazameni zaidi ile ncha ya juu kabisa, ambayo hata kwa kioo inahitaji subira kuiona. Hapo pana gamba la utotoni, nalo halikuondolewa mnyama alipokua. Lilibaki kileleni, na gamba la ukubwani likajengwa chini yake. Ikiwa gamba hilo la utotoni lina mizunguko mingi na midogo, mjuzi atakwambia ya kwamba konokono huyu alipoanguliwa aliogelea juu kwa siku nyingi au majuma, akila na kuchukuliwa na mkondo uelekeao kaskazini kando ya pwani yetu, kabla hajashuka kukaa. Ikiwa lina mzunguko mmoja mnene, basi alitoka katika yai akiwa tayari anatambaa, na kizazi chake chote huenda hakikuwahi kutoka katika kitongoji kile. Kwa hiyo magamba mawili yanayofanana kwa macho ya harakaharaka yaweza kuwa ya msafiri na ya mkaaji, na ushahidi wake umechorwa juu ya kichwa cha kila mmoja.

Na mara nyingine utakuta pembeni mwa gamba tundu la duara, safi, lenye kingo zilizoinama kuelekea ndani, utasema limekerezwa na fundi. Fundi mwenyewe ni konokono mwingine, mwindaji, ambaye humkumbatia mwenziwe kwa mguu wake mpana, akalilainisha gamba kwa maji makali ayatoayo mwilini, akalikwangua kwa ulimi wenye meno mpaka likatoboka, halafu akamla mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Wengine hawawindi, huishi juu ya wengine: iko jamaa ya magamba meupe yang'arayo kama kaure, ambayo hukaa juu ya jongoo bahari na viti vya pweza, ikawanyonya polepole. Wengine tena wana jino lililo tupu ndani, lenye umbo la mshale, ambalo hupitisha sumu na kumdungia mnyoo. Giza ni kubwa huko, majani ya baharini hayaoti kwa kukosa nuru, na chakula cha asili ni mabaki yashukayo kutoka juu mchana na usiku. Walakini juu ya mabaki hayo imejengwa dola nzima ya wawindaji, wanyonyaji, wakusanyaji na wasindikizaji.

Wingi wao umepimwa mahali pamoja kwa bidii isiyo ya kawaida. Wanazuoni wa Ufaransa, wakiongozwa na Philippe Bouchet, walikusanya wanyama wa jamii ya konokono na chaza katika sehemu moja tu ya kisiwa cha New Caledonia, Bahari ya Pasifiki, eneo lisilofika kilomita za mraba 300, na matokeo yao yakatangazwa mwaka 2002. Walipata aina 2,738. Theluthi moja ya aina hizo hawafikii milimita nne na kidogo hata wakiwa wazima wa kukua, na aina moja katika kila tano ilionekana kwa kiumbe kimoja pekee katika kazi yote ile. Fikirini maana yake: kama wangaliacha kuchekecha mchanga, wangaliiacha theluthi ya hazina, na kama wangaliondoka mapema kidogo, wangaliondoka bila ya hata kujua walichokosa. Pwani yetu haijafanyiwa uchunguzi wa namna hiyo. Vitabu vizuri vipo juu ya wanyama wa ufuoni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufanya kazi Kunduchi, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo Unguja tangu mwaka 1978. Lakini kazi yao nyingi, kwa haki kabisa, imefuata samaki, mwani, mikoko na matumbawe, yaani vitu vyenye kulisha watu.

Hapa ndipo ninapolirudia lile swali la mwenye duka. Akisema, "Na wakijulikana, tutapata nini?", nitamjibu kwa mifano michache, kisha nitamwambia ya kuwa swali lenyewe halitoshi.

Mfano wa kwanza ni dawa. Konokono wenye jino la mshale, wakubwa wao, wamewahi kuua watu kwa sumu. Na katika sumu ya mmoja wao ilipatikana dawa ya kutuliza maumivu makali yasiyosikia dawa nyingine, ikaruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2004. Wale wadogo wa ukingoni wana jamii hiyo hiyo ya silaha, na kila aina ina mchanganyiko wake. Mfano wa pili ni habari ya bahari yenyewe. Maji ya bahari hunywa kadiri ya robo ya hewa ya ukaa inayotolewa na viwanda, magari na moto wa wanadamu, na kwa kunywa huko hubadilika tabia, chokaa ikawa ngumu kupatikana kwa wenye kujenga magamba. Mwenye gamba jembamba kuliko wote ndiye atakayeona dhiki ya kwanza; lakini hatutaweza kusema amepungua, ikiwa hatukumhesabu alipokuwa mwingi. Mfano wa tatu ni tarikhi. Magamba yaliyozikwa katika tope la ukingoni yanaonyesha bahari ilisimama wapi na ilikuwa na joto gani, kabla hapajakuwa na mtu wa kuandika.

Hayo ni majibu ya soko, nami siyadharau. Lakini mkumbuke habari ya simbi. Soko lilimpenda konokono mmoja kwa karne nyingi, likamfikisha mpaka Karagwe, likamfanya mahari na kodi, na katika muda wote ule halikujifunza chochote juu yake: halikujua anakula nini, anaishi miaka mingapi, wala ana ndugu wangapi. Kisha likamtupa kwa mwaka mmoja wa amri. Mtu atakayengoja mpaka kiumbe kipate bei ndipo amjue, atawajua wachache, tena atawajua vibaya, kwani atakijua kile tu kinachouzwa.

Na sisi tusijione kuwa tu wageni katika jambo hili. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika, hapa kwetu Karagwe na Kyerwa, yaliinuliwa kuwa hifadhi za taifa, na Mtanzania wa Kilwa ambaye hatatia mguu Kyerwa maisha yake yote ana haki katika hifadhi hizo sawasawa na mkaazi wa Kyerwa. Kadhalika kwa sheria ya mwaka 1989 nchi yetu ilitangaza mamlaka yake juu ya mali iliyomo baharini mpaka maili 200 za bahari kutoka pwani. Ule ukingo wa uwanda, pamoja na tope lake na konokono wake wa kushoto na wa kulia, umo ndani ya mpaka huo, mahali pengi umo ndani sana. Kwa hiyo ni mali ya mkulima wa Omurushaka kama ulivyo mali ya nahodha wa Pangani. Na mwenye mali asiye na daftari la mali yake hawezi kujua ameibiwa, amefilisika wala ameneemeka.

Basi ombi langu kwenu, na hasa kwa walimu wa shule zetu za sekondari, ni jambo dogo lisilo na gharama. Mtoto wa Karagwe afundishwapo somo la viumbe, asiishie kwa konokono wa dimbwini aletaye kichocho, ingawa huyo naye ni wa lazima kumjua. Aambiwe pia ya kwamba mawe ya milima hii, ambayo wanajiolojia wa dunia nzima huyataja kwa jina la Karagwe na Ankole, yalikuwa tope na mchanga chini ya maji zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, kabla hajakuwako mnyama wa kujenga gamba, na ya kwamba kazi hiyohiyo ya kutandaza tope inaendelea leo mbele ya Rufiji, Ruvu na Pangani, safari hii konokono wakiwamo. Apewe kioo cha kukuzia. Na akionekana ana jicho na subira, asizuiwe kwenda Kunduchi au Unguja kwa kuwa amezaliwa mlimani, maana kazi hii haihitaji mwenye kujua kuogelea kwanza. Inahitaji mwenye kuweza kukaa mbele ya sahani ya mchanga kutwa nzima, akitenga punje na punje, pasipo kuuliza kila saa itauzwa kwa kiasi gani.